Mkataba wa Versailles ukisomewa Moshi

Mjadala wa kama Wajerumani walionewa mwaka 1919 na Mkataba wa Versailles, ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, huanzia Ulaya na kuishia hukohuko. Watu hushika namba moja, fidia ya marki za dhahabu bilioni 132, na neno moja, hatia, kisha hukumu inatoka. Mimi sikubali mkataba wenye ibara 440 uhukumiwe kwa jumla. Kila ibara iulizwe: nani alikuwa mezani, nani analipa, analipa kwa kitu gani, na akishindwa kunatokea nini.

Mezani, Wajerumani hawakuwepo. Masharti walikabidhiwa tarehe 7 Mei 1919 yakiwa yameshaandikwa, wakapewa siku 15 za kujibu kwa maandishi tu. Muda uliongezwa kidogo, wakasaini tarehe 28 Juni kwa tishio la vita kuanza upya. Huo ni uonevu wa utaratibu, sina ubishi. Ila kiti peke yake hakileti amani: Arusha, Warundi walikaa na kujadiliana jinsi ya kumaliza vita yao, kwa usuluhishi wa Nyerere na baadaye Mandela, wakasaini Agosti 2000, lakini makundi mawili yenye silaha hayakuwemo kwenye saini, na mapigano yakaendelea.

Kwenye fidia ndiko watu wanakokosea zaidi. Namba ya bilioni 132 haimo ndani ya mkataba. Ibara ya 235 ilidai marki za dhahabu bilioni 20 zilipwe kabla ya Mei 1921, na jumla ikaachwa wazi hadi tume iipange. Ilipopangwa, deni liligawanywa katika hati za deni za aina tatu: A bilioni 12, B bilioni 38, C bilioni 82. Hati za C zilikuwa zisubiri hadi uwezo wa Ujerumani uonekane, maana yake karibu hazikuwepo. Ziliwekwa ili wapiga kura wa Ufaransa na Uingereza waione namba kubwa. Deni la kweli lilikuwa bilioni 50. Vilevile wanaonukuu ibara ya 231, ile ya kuibebesha Ujerumani dhamana ya vita, huiruka ya 232 inayofuata, ambayo inakiri kwamba mali ya Ujerumani haitoshi kulipa hasara yote.

Kasoro kubwa ilikuwa njia ya kulipa. Kila mwaka zilitakiwa bilioni 2, pamoja na asilimia 26 ya thamani ya bidhaa zinazouzwa nje, na malipo, ukiacha yale ya bidhaa kama makaa ya mawe, yawe ya dhahabu au fedha za kigeni. Fedha za kigeni nchi huzipata kwa kuuza nje zaidi kuliko inavyonunua. Wanunuzi ni wale wale washindi, nao hawakutaka bidhaa za Kijerumani zijae masokoni mwao. Ni sawa na kumwambia mkulima wa Kibosho alipe deni lake kwa dola huku kahawa yake ikizuiwa kuingia mnadani.

Ujerumani iliposhindwa kufikisha nguzo za simu na makaa ya mawe, Wafaransa na Wabelgiji waliingia Ruhr, eneo la migodi na viwanda la Ujerumani, Januari 1923. Wafanyakazi wakagoma, serikali ikawalipa kwa noti ilizochapisha, na kufikia Novemba dola moja ilikuwa marki trilioni 4.2. Kwa hiyo fidia haikuiua marki peke yake. Mashine ya noti ilikuwa ya Berlin. Ufaransa iliposhindwa na Ujerumani mwaka 1871 ilidaiwa faranga bilioni 5, ikazimaliza mwaka 1873, na jeshi la Kijerumani likaondoka. Kiasi kilijulikana tangu siku ya kwanza, na kila awamu ya malipo iliwapunguza askari wa kigeni. Versailles ilikosa hilo, na kwangu hiyo ndiyo hoja nzito ya Wajerumani, kuliko ukubwa wa deni.

Sasa tuje huku Tanganyika, iliyokuwa koloni la Ujerumani. Kwa ibara ya 119 Ujerumani iliachia makoloni yake yote, mikononi mwa mataifa makubwa yaliyoshinda. Ibara ya 257 ikasema mali ya serikali iliyomo humo inahamia kwa mtawala mpya bila malipo na bila kupunguza deni la fidia. Reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911 ikahesabiwa sifuri. Mashamba ya walowezi yalifuata njia nyingine: yaliuzwa kama mali ya adui, thamani yake ikaingizwa kwenye hesabu ya Ujerumani, na walowezi wakaambiwa wakadai kwa serikali yao. Katika hesabu zote hizo, wenyeji ambao ardhi ilikuwa yao kabla ya Mjerumani kufika hawana safu. Wapagazi wa huku waliobeba mizigo ya majeshi vitani nao hawana. Fidia ya raia ilikuwa ya raia wa nchi washirika, na mtu wa Tanganyika hakuwa raia wa yeyote kati yao. Kumbukumbu yao iliyo hai ni jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wabeba mizigo.

Kuna Mwafrika mmoja wa huku anayetajwa. Ibara ya 246 iliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, ndani ya miezi 6. Imkabidhi nani? Serikali ya Mfalme wa Uingereza, si Wahehe. Fuvu lilifika Kalenga Juni 1954, miaka 34 baada ya mkataba kuanza kufanya kazi, baada ya Twining, gavana wa Tanganyika, kulifuatilia hadi makumbusho ya Bremen, Ujerumani.

Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani hukohuko Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Wazee wa Old Moshi wanasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mkataba haukumtaja, na ukoo wake bado unauliza kwenye makumbusho ya huko.