Efatha: Sikio Linapofunguliwa

Wapendwa katika Kristo, juma hili nimekaa na habari ya yule kiziwi wa nchi ya Dekapoli, katika Marko 7, ambaye Bwana alimtenga na umati, akamtia vidole masikioni, akatazama juu mbinguni, akaugua, akamwambia: "Efatha", maana yake, funguka. Nyimbo ambazo jirani zake walizizoea tangu utotoni, za arusi na za matanga, kwake zilikuwa mpya zote. Nami, kwa kipimo kidogo, naijua furaha hiyo.

Kwa miaka mingi nimeimba besi katika kwaya ya parokia yetu hapa Lubumbashi, nikitosheka na nyimbo nilizozikuta humo. Usiku mmoja, umeme ukiwa umekatika Katuba nzima, kijana wangu alinisogezea simu yake akasema, "Baba, sikiliza hii." Ilikuwa Missa Luba, yaani Misa ya Kilatini inayoimbwa kwa mitindo ya nyimbo za Kongo. Maneno ya Kilatini niliyatambua mara moja, lakini ngoma zile, na sauti moja inayotangulia ikiitikiwa na kundi, sikuwahi kuzisikia zikiibeba Misa namna hiyo. Iliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958, chini ya Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, na sehemu yake kubwa waimbaji waliibuni wenyewe papo hapo walipokuwa wakiimba. Tena iliimbwa Kamina, katika Katanga yetu hii! Nililia, wala sioni haya kulisema, kwa kuwa sala iliyozaliwa karibu nami hivyo ilikuwa imenisubiri muda wote huo.

Tangu usiku ule hamu haijanitoka. Nimesikiliza zaburi za watawa zinazoimbwa kwa mtindo wa Gregori, sauti zote zikifuata njia moja bila ala yoyote, ambazo mwanzoni zilinichosha mpaka nilipojifunza kuvuta pumzi pamoja nao. Nimemsikiliza pia mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo: gitaa moja tu, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikicheza juu yake, hata ukadhani wamekaa watu wawili. Wapo ndugu watakaouliza muumini anatafuta nini katika gitaa la mtaani. Mimi husikia humo saburi ya mikono, na moyo wangu humshukuru Yeye aliyeiumba.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, nilimwomba mama mmoja mzee wa jumuiya yetu aniimbie wimbo aliobembelezewa alipokuwa mtoto. Alisita, akasema kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza, kisha akafumba macho akauimba kwa Kiluba, ubeti baada ya ubeti, nami nikasimama pale uani mwa kanisa, vitabu vya kwaya vikiwa kwapani, nisijue hata neno moja la kuitikia.