Soma na Mstari Unaofuata

Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha mama mzazi wa rafiki yangu, Biblia ikiwa wazi kwenye kiganja cha kushoto na mkono wa kulia ukiwa juu hewani, nikitamka Zaburi ya 118 aya ya 17 kwa sauti iliyowafanya wagonjwa wa vitanda vya jirani wageuze shingo: "Sitakufa bali nitaishi, nami nitayasimulia matendo ya Bwana." Niliirudia mara nne au tano, na kila mara nilipoirudia niliongeza nguvu. Yule mama alinisubiri nivute pumzi, kisha akaniuliza kwa upole, "Na mstari unaofuata, mwanangu, unasemaje?"

Sikuujua. Ilinibidi niinamishe macho nitafute kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. "Bwana ameniadibu sana, lakini hakuniacha nife." Niliusoma kwa sauti ya chini, kwa kuwa haukuwa na mlio niliouzoea. Mama akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Hapo sasa ndipo nilipo. Endelea."

Nimekuwa mwamini kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo nimefundishwa, nami nikawafundisha wengine, kwamba Mkristo anapaswa kulitamka Neno kwa ujasiri na kwa mamlaka. Bado naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini kando ya kitanda kile nilitambua kwamba sehemu kubwa ya kile nilichokiita mamlaka ilikuwa koo langu tu. Tunapenda sauti iliyokauka kwa kukemea. Tukimsikia mtu amepoteza sauti siku ya pili baada ya mkesha, tunasema ana upako. Huenda anao. Huenda pia alichohitaji ni kunywa maji ya kutosha.

Injili ya Mathayo inasema makutano walishangaa mafundisho ya Yesu kwa sababu alifundisha "kama mtu mwenye amri, wala si kama waandishi wao." Mwandishi wa sheria wa siku zile aliijenga hoja yake juu ya walimu waliomtangulia, ilhali Yesu alisema, "Lakini mimi nawaambia." Ndiyo maana nadhani tunakosea tunapoirukia amri ile kana kwamba ni yetu kwa namna ileile. Anayetufaa zaidi kama kielelezo ni yule akida, mkuu wa askari, wa Kapernaumu katika sura ya 8, ambaye hakuanza kueleza uwezo wake kwa kuhesabu askari aliokuwa akiwaamuru, bali alianza na neno ambalo sisi huliruka: "mimi nami ni mtu niliye chini ya mamlaka." Askari anayemwambia "Nenda" huenda kwa sababu akida mwenyewe ametumwa na mkubwa wake. Siku atakapoanza kutoa amri za kwake, atakuwa mtu mmoja mwenye upanga na kelele. Wale wana saba wa Skewa katika Matendo 19, waliojaribu kufukuza pepo kwa jina la Yesu, walilijua jina la kutaja, na walilitaja bila kigugumizi, wakaulizwa na pepo swali moja tu, "ninyi ni akina nani?", kisha wakakimbia wakiwa uchi na wenye majeraha.

Kisa ninachokirudia zaidi katika jambo hili ni kile cha jangwani. Kila mtu anakumbuka kwamba Yesu alimjibu mjaribu mara tatu kwa "imeandikwa", na ni vema tukumbuke, kwa kuwa pale tunamwona Mwana wa Mungu mwenyewe akichagua kulisimamia andiko badala ya kubuni jibu jipya. Ila majibu yote matatu yametoka katika kitabu kimoja, Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, katika sehemu ambamo Musa anawakumbusha Waisraeli miaka 40 ya jangwani. Mtu mwenye njaa ya siku 40 anajibu kwa maneno yaliyonenwa kwa watu waliotembea jangwani miaka 40. Hayo si maneno yaliyookotwa popote. Ni andiko lililotafunwa mpaka msemaji akajua linaanzia wapi, liliambiwa nani na kwa nini.

Halafu Ibilisi naye anasema "imeandikwa". Hapo ndipo mwili hunisisimka. Ananukuu Zaburi ya 91, tena maneno anayoyataja yamo kweli katika Biblia, na hapana shaka hakukosa ujasiri. Ukiifungua zaburi yenyewe, utaona kwamba katika aya ya 11 ameacha maneno "katika njia zako zote", na kwamba amekoma kabla tu ya aya ya 13, ile isemayo kwamba simba na nyoka, wanyama ambao Ibilisi mwenyewe hufananishwa nao, watakanyagwa. Sijui kama Mathayo alikusudia tulione hilo la pili, lakini mimi siwezi tena kuisoma sura ile bila kutabasamu kidogo. Jibu la Yesu linaanza na neno dogo lenye uzito mkubwa: "Tena imeandikwa." Andiko linaulizwa kwa andiko. Mimi hospitalini nilikuwa nimeishika aya moja bila jirani yake, na aliyeniambia "tena imeandikwa" alikuwa mgonjwa niliyekwenda kumtia nguvu.

Neno ambalo Biblia yetu inalitafsiri "ujasiri" katika Matendo 4:13, pale baraza la Wayahudi lilipowastaajabia Petro na Yohana, ni neno la Kigiriki parresia, ambalo kwa asili lilimaanisha kusema yote, kusema waziwazi bila kubakiza kitu. Maana hiyo imenibadilisha kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Petro hakuliambia baraza sehemu tamu pekee. Aliwaambia kwamba jiwe walilolikataa wao waashi ndilo limekuwa jiwe kuu la pembeni, maneno yanayotoka, kwa bahati ya ajabu, katika Zaburi ileile ya 118, aya ya 22. Baraza likawaona kuwa ni watu wasio na elimu, wasio na maarifa, "wakawatambua ya kwamba walikuwa pamoja na Yesu." Nao walipoachiliwa na kurudi kwa wenzao, hawakusherehekea ujasiri wao. Waliomba wapewe tena. Paulo vilevile, akiwa mjumbe katika minyororo, anawasihi Waefeso wamwombee apate kusema kwa ujasiri, kana kwamba miaka yote ile ya kuhubiri haikumwekea akiba yoyote.

Yeremia sura ya 28 nayo inanitia hofu njema. Nabii Hanania alisimama nyumbani mwa Bwana mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba nira ya Babeli imevunjwa na kwamba vyombo vya hekalu vitarudi katika muda wa miaka miwili. Akaichukua nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya utawala huo, akaivunja hadharani. Ukipima kwa sauti na kwa vitendo, Hanania ndiye aliyekuwa na mamlaka siku ile. Yeremia alisema "Amina", Bwana na afanye hivyo, akaongeza onyo fupi, kisha, baada ya nira kuvunjwa, akaenda zake. Alirudi baadaye, neno lilipomjia, akamwambia Hanania kwamba Bwana hakumtuma. Miaka ya Babeli aliyoitaja yeye ilikuwa 70, na imeandikwa aya moja tu kabla ya ile ya 29:11 ambayo wengi wetu tumeibandika ukutani, ile ya mawazo ya amani wala si ya mabaya.

Baada ya siku ile hospitalini, nakiri, niliangukia upande wa pili. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naomba kwa "labda" na "kama itakupendeza" nyingi hata mtu aliyeniomba nimwombee akaniuliza kama nina uhakika kwamba Mungu yupo. Woga una ustadi wa kuvaa joho la unyenyekevu. Kilichonirudisha ni Yoshua 1:8, ambapo kitabu cha torati hakipaswi kuondoka kinywani, kinywani hasa, na neno la Kiebrania lililotafsiriwa "yatafakari" ndilo hilohilo linalotumika katika Isaya 31:4 kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake. Kutafakari kwa namna ile kuna sauti. Basi nikaanza kusoma kwa sauti peke yangu, alfajiri, sura nzima, bila msikilizaji wa kumvutia. Nikagundua kwamba ahadi haipungui nguvu inapokaa kati ya ndugu zake. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli, mbele ya tanuru la moto, walisema kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, wakasema na "bali kama si hivyo" katika pumzi hiyohiyo, na hakuna anayeweza kuwaita waoga.

Yule mama alifariki wiki ya tatu baada ya siku ile. Mwanawe, rafiki yangu, hakuniuliza kitu mpaka watu walipopungua nyumbani. "Ndugu yangu," akasema, "ulitamka kwamba hatakufa." Nilikuwa nimejiandalia maelezo, lakini yote yaliniponyoka. Nikamwambia kwamba nilitangaza kama ujumbe jambo ambalo sikuwa nimetumwa kulisema, na kwamba zaburi haikusema uongo, mimi ndiye niliyeikata. Nikamwomba radhi.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua, kwamba katika wiki zile tatu wauguzi wa zamu ya usiku walikuwa wakija mmojammoja kuketi kitandani kwa mama, naye akiwasimulia jinsi Mungu alivyomvusha katika ujane na katika malezi ya watoto wake, mpaka mwingine akachelewa kukabidhi zamu. Akaniomba niisome Zaburi ya 118 kesho yake, kabla mwili haujatolewa nyumbani. "Yote," akasema, "usiruke."

Ina aya 29. Nilipofika ya 17 sauti ilinikatika, nikasimama kidogo, nikafuta miwani, kisha nikaendelea na ya 18.