Nilivyokunja karatasi kwenye kompyuta bila kuichana

Mkunjo mmoja wala hausumbui. Unachukua kila nukta ya upande unaokunjwa, unapima iko mbali kiasi gani na mstari, unaihamishia ng'ambo kwa umbali uleule, ile hesabu ya kuakisi ya shuleni. Ukitaka karatasi ionekane inanyanyuka taratibu, zungusha hizo nukta kuuzunguka mstari kuanzia digrii 0, imelala, mpaka 180, imefungwa. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, mistari michache tu inatosha.

Kazi inaanza mikunjo ikikutana. Mi nilikuwa naitaka Miura-ori, ile namna ya kukunja ya Mjapani Koryo Miura, karatasi nzima imegawanywa misambamba kwa mikunjo iliyonyooka na mingine ya zigizaga inayoikata, ukivuta kona mbili inafunguka yote kwa mpigo, ndo waliyoitumia kwenye paneli ya sola ya satelaiti Space Flyer Unit iliyorushwa 1995. Hapo kila makutano ya ndani yana mikunjo minne, mitatu mlima (unaoinuka juu) na mmoja bonde (unaozama chini) au kinyume chake, na huwezi kujiamulia tu huu uwe digrii 40 ule uwe 70, vipande vitaachana na utaliona pengo kabisa kwenye skrini.

Kilichonisaidia ni kwamba pembe unayoichagua ni moja tu, zingine zote zinaifuata. Chukua msambamba wenye kona ya digrii 60. Tanjenti ya nusu ya pembe ya mkunjo ulionyooka ni sawa na kosaini ya 60 mara tanjenti ya nusu ya pembe ya ule wa zigizaga. Zigizaga ikiwa 90, nusu yake 45, tanjenti yake 1, zidisha kwa 0.5, basi mkunjo ulionyooka unatoka kama 53.13. Kwa hiyo nikaweka slaida moja, kile kitufe cha kuburuta kwenye skrini, ya kubadilisha pembe ya zigizaga, kipande kimoja nikakigandisha, na jirani zake nikawa nawazungusha kwenye ukingo wanaochangia, kisha jirani wa jirani, hadi karatasi ikaisha.

Kujua kama imekubali sikuamini macho, picha inaweza kukudanganya vizuri tu. Unazidisha matriksi nne za kuzunguka makutano, yale majedwali ya namba yanayoeleza mzunguko wa kila mkunjo, ukirudi ulipoanzia lazima upate matriksi ya utambulisho, moja moja kwenye ulalo na sifuri kwingine. Kwangu tofauti ilikuwa ndogo sana, ile takataka ya desimali za kompyuta.

Kilichobaki ni kipande gani kiwe juu ya kingine karatasi ikishalala kabisa. Kwa Miura mpangilio unajulikana, ila kwa michoro ya kila aina usijitese, watafiti Bern na Hayes walishaonyesha mwaka 1996 kwamba hata kujua tu kama mchoro unakunjika ukalala ni NP-hard, yaani tatizo gumu ambalo hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulitatua kwa kila mchoro. Mi slaida yangu inaishia digrii 178, karatasi hailali kabisa, kwa hiyo vipande having'ang'anii sehemu moja kwenye skrini na rangi hazichezi.