Nusu ya punje kwenye jeli, nusu kwenye udongo

Kazi yangu ya asubuhi huanza na wembe. Naibana punje ya ngano, naikata katikati. Nusu yenye kiinitete inaingia kwenye kitundu chenye namba yake, ingoje kupandwa. Nusu nyingine, yenye wanga na protini, naiponda kwa ajili ya jeli, utando laini ambamo umeme hutenganisha protini kwa ukubwa. Nikichanganya namba, tutapanda mmea ambao siyo tuliousoma, kwa hiyo hapo sipigi soga na mtu.

Ninachotafuta kimo ndani ya gluteni, protini zinazoshikilia donge la ngano. Osha donge la unga kwa maji taratibu: wanga unatoka mweupe kama maziwa, mkononi kinabaki kitu cha kijivu kinachovutika kama ulimbo. Protini za gliadini ndizo zinazokifanya kinyooke, za glutenini ndizo zinazokirudisha.

Glutenini kubwa ni sehemu ndogo tu ya protini hizo, lakini nguvu ya donge imeegemea kwao. Jeni zake zimekaa kwenye kromosomu 1A, 1B na 1D, kwa sababu ngano ya mkate imerithi seti tatu kutoka kwa mababu watatu. Umeme ukishapita kwenye jeli, macho yangu yanakimbilia mistari ya protini za 1D, ambazo huja kwa jozi na huitwa kwa namba. Jozi ya 5+10 imekaribiana. Ya 2+12 imeachana. Protini namba 5 ina sisteini moja zaidi ya namba 2, na sisteini, kimojawapo cha vijenzi vya protini, ndiyo inayoshikana na jirani kwa salfa hadi minyororo inakuwa mirefu. Tofauti ndogo hivyo, na donge linabadilika! Mwaka 1987 Peter Payne, mtafiti wa ngano wa Uingereza, na wenzake walizipa jozi hizi alama za ubora wa mkate: 5+10 inapata 4, 2+12 inapata 2, na ngano nzima haizidi 10.

Nilizipenda alama hizo kupita kiasi. Msimu mmoja tulikuwa na ukoo wa mbegu uliopata 10 kamili, na shambani kutu, ugonjwa wa ukungu, haikuugusa. Donge lake lilipokandwa likanata kwenye vidole na kwenye mashine, halikubali kukunjwa. Niliumia, maana mimi ndiye niliyeupitisha. Kumbe ulibeba kipande cha kromosomu ya rai, nafaka ndugu ya ngano. Kinga ya kutu ilitoka huko, ila kipande hicho kilichukua nafasi ya mkono mfupi wa 1B, wenye glutenini ndogo na baadhi ya gliadini. Glutenini kubwa ziko mkono mrefu, zikabaki salama, na alama zikabaki 10.

Siku hizi jeli naisoma mpaka chini, penye gliadini, ambapo protini za rai hujitokeza. Na kabla ya kuandika "mbovu" kwenye 2+12, nauliza kwanza unga unakwenda wapi, kwa kuwa biskuti inataka donge legevu.