Kurekebisha mng'ato ukubwani: tazama magego kwanza

Watu wazima wengi humwendea daktari wa meno na ombi moja: "ninyooshee haya ya mbele." Ya mbele yananyoosheka, tena haraka, lakini magego yakiendelea kukutana vibaya mtu huenda akabaki anatafuna upande mmoja, na meno yale yaliyonyooshwa yanaweza kurudi kubanana.

Kwa hiyo jipime mng'ato, yaani jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Simama mbele ya kioo, meza mate, fumba meno, kisha vuta mashavu kwa mipini ya vijiko viwili safi. Meno ya juu ya mbele yafunike ya chini kwa kama theluthi, na yayatangulie kwa milimita 2 au 3. Huko nyuma, magego ya juu yawe nje kidogo ya yale ya chini pande zote mbili, kama kifuniko kinavyokaa kwenye kopo. Sasa fumbua, ufumbe polepole sana. Taya likigusa mahali pamoja halafu likateleza pembeni, mwambie daktari, kwa sababu eksirei haitamwonyesha mtelezo huo.

Kinachofuata ni kujua kama kosa liko kwenye meno au kwenye taya lenyewe. Mtoto huwekewa skrubu ya kupanua kaakaa, na mshono wa katikati, unaounganisha nusu mbili za mfupa wa kaakaa, unafunguka. Ukubwani mshono umeshashikana. Mtu mzima akivalishwa kifaa kilekile, mara nyingi magego hulala tu kuelekea nje, mfupa usipanuke. Mtu huyo anahitaji kifaa kilichoshikizwa kwenye mfupa kwa skrubu ndogo, au upasuaji. Vivyo hivyo taya la chini lililotangulia sana: vyuma vya kunyoosha meno peke yake hulificha tu. Anayekwenda kwenye upasuaji huvaa vyuma kwanza kwa mwaka au zaidi, na katika muda huo mng'ato huonekana umeharibika kuliko mwanzo, kwa kuwa kila jino linarudishwa mahali pake juu ya taya lake. Hili aambiwe kabla. Aambiwe pia kwamba ganzi ya mdomo wa chini huweza kudumu miezi, na kwa wengine haiishi kabisa.

Kabla ya chuma chochote, ufizi. Jino husogea kwa sababu mfupa huliwa upande linakosukumiwa na kujengwa upande linakotoka, kama milimita 1 kwa mwezi. Ufizi ukiwa mgonjwa, mfupa huliwa na haujengwi, na jino hulegea. Ugaga uondolewe, damu ikome, ndipo kazi ianze.

Milimita hiyo moja ndiyo hesabu ya kumpimia anayekuahidi miujiza. Gego dogo liking'olewa ili kupata nafasi, huacha pengo la milimita 7 hivi: hiyo ni miezi saba ya kuliziba tu, mbali na kunyoosha na kumalizia. Miezi 18 hadi 30 ni ahadi ya kweli.

Waliokulia kwenye maji yenye floraidi nyingi, kama sehemu za Arusha au Nakuru, waseme mapema. Breketi, vile vipande vidogo vinavyoshika waya kwenye jino, hugundishwa baada ya jino kupakwa asidi kwa kama sekunde 30 ili uso wake ukwaruze. Jino lenye madoa ya kahawia mara nyingi huikataa asidi, na breketi huweza kubanduka moja baada ya nyingine. Daktari anayejua huongeza muda wa asidi, au hukwangua uso kidogo kwanza.

Waya hupanga meno, ila mng'ato kwa kawaida hurekebishwa na ile mipira midogo inayovutwa kutoka juu kwenda chini. Ikielekezwa kuvaliwa saa 22 kwa siku, ni 22. Kuivaa usiku tu huyachokoza meno bila kuyafikisha popote. Mahindi ya kuchoma yapukuchue. Miwa na muhogo mbichi viache mpaka vyuma vitoke.

Vikitoka, nyuzi za ufizi bado huyavuta meno yarudi yalikotoka, kwa karibu mwaka mzima, na hata baada ya hapo meno huendelea kusogea na umri. Ndiyo sababu daktari hugundisha waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele, kutoka chonge hadi chonge, na kukupa kishikizi cha plastiki cha kulalia, miaka yote. Kioshe kwa maji baridi. Maji ya moto hukipinda, na kishikizi kilichopinda huyasukuma meno badala ya kuyashika.