Mnapanda mkoko gani hapo?

Kila nikiona picha za watu wamevaa fulana za kufanana wanapanda mikoko najiuliza hilohilo tu. Mikoko sio mti mmoja jamani, na kila mmoja una tabia zake, na hizo tabia ndo zinaamua nani mwingine ataishi pale.

Nenda Kunduchi au Mbweni, Dar es Salaam, maji yakishakupwa, anzia upande wa bahari urudi nchi kavu. Mbele kabisa mara nyingi ni mlilana, ndo unaovumilia kukaa majini muda mrefu. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wenye mizizi mirefu kama miguu, halafu mkandaa huku juu ambako maji yanafika zaidi wakati wa bamvua, yaani bahari inapojaa sana. Mchu we acha tu, utaukuta mbele na utaukuta nyuma, maana unavuta maji ya chumvi halafu chumvi unaitolea kwenye majani, ramba jani lake kama unabisha. Mkoko wenyewe unaizuia chumvi nyingi hukohuko kwenye mizizi. Na tope lile halina hewa, kwahiyo mchu unachomoza vijizizi juu kama penseli, mkoko unapumulia ile miguu.

Sasa utamu uko hapa. Ile miguu inapunguza kasi ya maji, tope linatua, kamba na samaki wadogo wanapata pa kujificha, chaza wanang'ang'ania humohumo. Majani nayo: jani la mkoko ni gumu, limejaa tanini (kemikali yenye ukakasi), linaoza polepole, la mchu lina nitrojeni nyingi zaidi linaoza upesi, na kaa wanayaburuta mashimoni kwao. Yaani ukibadilisha mti umebadilisha na mwendo wa chakula kwenye tope zima, hata kama kwa mbali msitu unaonekana ni uleule wa kijani.

Na hii sio ya mikoko peke yake. Mwaka 2004 mtafiti wa mimea Ian Wright na wenzake walitoa kwenye jarida la sayansi la Nature data za majani ya spishi, yaani aina za mimea, zaidi ya 2,500 toka sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta karibu yote yanajipanga kwenye mstari mmoja: huku majani mepesi yanayofanya kazi haraka na kufa mapema, kule magumu yanayokwenda taratibu ila yanadumu. Angalia mivinje ya ufukweni, mizizi yake inashirikiana na bakteria kupata nitrojeni ya hewani, ungedhani kwa rutuba hiyo chini kutajaa mimea, lakini lile zulia la vijiti inavyodondosha linaachia mimea michache sana kuota.

Tukirudi kwenye fulana, watu wanapenda kupanda mkoko kwasababu mbegu yake inaota ikiwa bado mtini, inarefuka, we unaichomeka tu kwenye tope na picha inatoka safi. Mbegu za mlilana ni vitu vidogo, vinataka kitalu na subira, nani ana muda huo jumamosi asubuhi? Basi mkoko unachomekwa mbele kabisa kwenye mawimbi, pahala pa mlilana, unakufa, mwakani wanarudi kupanda palepale. Mi ningewauliza kwanza wavuvi wa hapo maji yanaingilia wapi na zamani palisimama mti gani, na kama njia ya maji imezibwa na kifusi ningetoa kifusi kabla ya kununua mche hata mmoja, maana maji yakipita mbegu nyingine zinajileta zenyewe.