Nilivyoshuka makatakombe na woga wangu

Lifti mimi sipandi, hata ya ghorofa sita. Basi nilipoona kwenye ratiba ya hija yetu ya Roma kwamba Jumanne ni Makatakombe ya Mtakatifu Kalisti, makaburi ya kale ya Wakristo, kilomita karibu 20 za njia chini ya ardhi, usingizi uliniruka.

Getini nilimnong'oneza padre wetu. Akasema, "Mama, kaa nyuma ya kiongozi, wa pili. Mwisho wa msururu ndiko watu wanakotishika. Macho yako mgongoni kwake tu." Nikafanya hivyo. Ngazi nilizishuka nikihesabu, nikapotelea ishirini na kitu. Chini kuna ubaridi kama wa ndani ya mtungi, na kuta zimechongwa makaburi moja juu ya jingine, kama vitanda vya bweni. Mwamba wake ni tufa, laini kuchimba, ukikaa hewani unakaza.

Kwenye kona moja njia ilibana, pumzi zikaanza kunikimbia. Nikageuza uso ukutani. Mbele ya macho yangu palikuwa na kaburi la urefu wa mkono wangu, na pembeni yake jingine kama hilo. Watoto wachanga. Nilisimama pale, na nilipokumbuka kuogopa, wenzangu walikuwa wameshasogea.

Chumba cha mapapa, walikozikwa mapapa 9 wa karne ya 3, tulikipita haraka, kundi jingine lilikuwa linasubiri. Kwa Mtakatifu Sesilia, shahidi na msimamizi wa wanamuziki, ndipo tulipokaa. Sanamu imelala kiubavu, shingo ina alama ya upanga, mkono mmoja umenyoosha vidole vitatu, mwingine kimoja: Utatu, na Mungu mmoja. Ni nakala; yenyewe, ya mchongaji Maderno, iko Trastevere, mtaa wa Roma. Wanakwaya wetu, wote wa Kwaya ya Mtakatifu Sesilia, walilia.

Kilichoniumbua ni swali langu. Niliuliza Wakristo walilala wapi walipojificha humu. Kiongozi akatabasamu: hawakuishi humu, haya ni makaburi, na wakuu wa Roma waliyajua vizuri. Mwaka 258 askari walimkuta Papa Sisto II makaburini wakamuua. Maficho gani hayo?

Nami ni katekista. Miaka kumi na moja nimewafundisha watoto habari ya maficho, tena kwa mbwembwe. Wa mwaka huu nitawarekebishia. Wale wengine wameshapata kipaimara, basi tena.